Kicheko Nilichokikata

Saa saba na dakika kumi mchana, Alhamisi iliyopita, nilikuwa ghalani Muhima nikihesabu koki za maji pamoja na karani mwenzangu, simu ikaita. Alikuwa mwana wa jirani yetu wa zamani, Fundi. "Muzee," alisema, "baba amerudi kwa Mungu. Tunamuzika leo leo, baada ya alasiri." Nilimpa pole. Kisha nikamwuliza amekufa na nini, na hata kabla sijamaliza swali nilijua kwamba siulizi kwa ajili ya marehemu, nauliza kwa ajili yangu. "Mapafu," akanijibu. "Chakula kilipita njia mbaya." Karani aliniuliza tulikuwa tumefikia koki ya ngapi. Nilikuwa nimepoteza hesabu, ikabidi tuanze upya.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba humu simtaji mtu. Nilijiwekea sharti hilo tangu safu ya kwanza, kwa sababu mji huu una milima mingi lakini watu wake wanajuana, na aliyeandikwa Jumatatu utakutana naye kwenye foleni ya benki Jumanne. Nililiona sharti hilo kuwa ni adabu, na nilijivunia. Leo pia sitamtaja mtu, ila nataka kueleza gharama yake. Marehemu ni mmoja kati ya wawili walioilipa.

Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi duka lake lilikuwa milango miwili kutoka ghala letu. Babu yake mzaa baba aliingia nchi hii na wafanyabiashara wa pwani akaoa hapa, kwa hiyo Kiswahili cha Fundi kilikuwa cha nyumbani, cha kulelewa nacho. Changu mimi nilikitoa Tanzania, nilikokulia, na kilichobaki nikakiokota vitabuni, kama nilivyookota kila ninachokijua. "Kiswahili chako kina vumbi la chaki," alikuwa akinitania, "na shule yenyewe hukuimaliza!" Lugha hiyo ndiyo iliyotufanya majirani wa kweli, mimi mtu wa kanisa na yeye mtu wa msikiti, katika mtaa ambao wengi huitumia kwa kuuliza bei tu.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja. Hakukata kitambaa chochote kabla ya kuandika kwa chaki, upande wa ndani, jina la mwenye nguo. Nilipomwuliza sababu alinisimulia habari ya suruali ya bwana harusi. Alikuwa ameishona vizuri, akaitundika kwenye msumari bila jina. Alipotoka kwenda kuswali, aliingia mteja mwingine aliyekuja kuchukua yake, akaijaribu ile, ikamkaa kama ameshonewa yeye, akaacha pesa mezani akaenda zake. Bwana harusi aliolea suruali ya shemeji yake, iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, na picha zipo. "Nguo isiyo na jina," Fundi alisema, "haikosi wa kumkaa. Ndiyo hatari yake. Jina kwanza, mkasi baadaye." Nilicheka siku ile. Sikudhani kwamba habari hiyo inanihusu.

Ugonjwa ulianzia kidole gumba cha mkono wa kulia, kile kinachosukuma sindano. Kilitetemeka kikiwa kimepumzika na kutulia kikiwa kazini, jambo lililomchekesha mwanzoni. Baadaye mkono mzima, kisha mwendo, kisha uso ukakakamaa, akawa anafanya mzaha kwa uso usiocheka. Alifunga duka akahamia kwa mwanawe Kibagabaga. Mwana na mkewe wanafanya kazi maofisini Kimihurura, hutoka asubuhi na kurudi jioni, na kama nyumba nyingi siku hizi walimwajiri mama wa kumtunza mzee.

Mama huyo alikuwa mjane wa makamo. Kiswahili chake alikitoa Goma. Nilimwona akifanya kazi kila Jumapili nilipopanda kumsalimu Fundi baada ya misa, na nilipenda kumtazama kwa sababu alikuwa na taratibu, nami napenda taratibu. Alimketisha Fundi wima kwenye kiti cha karibu na dirisha, akamwinamisha kidevu, akampa uji kwa kijiko cha chai. Baada ya kila kijiko alingoja mpaka koo lipande na kushuka, kisha akamwambia aseme neno moja. Sauti ikitoka kavu, kijiko kingine. Ikitoka kama mtu anayesukutua, kuna kilichobaki kooni, wanangoja. Fundi aliyachagua maneno yake kwa utundu. "Mkasi," alisema. "Kifungo." Siku nyingine alitoa tusi zito la mjini, na mama akaitikia bila kumtazama, "Ah, leo sauti iko safi kabisa." Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima. Chini ya uji aliweka kijiko cha samli ya ng'ombe, kwa sababu mzee alikuwa anakonda.

Jumapili moja Fundi aliniuliza swali aliloonekana kuwa amelibeba muda mrefu. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini.

"Mwandishi, wewe unasoma. Daktari ameniambia seli za ubongo wangu zinakufa. Zinakufa zenyewe, au zinauawa?"

Nilimweleza ninachokijua, na hapa inabidi nieleze tena, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na maelezo haya. Seli za neva, zile zinazobeba amri kutoka ubongoni hadi vidoleni, haziishi zenyewe. Zimezungukwa na seli nyingine zenye umbo la nyota, na kazi ya hizo ni ulezi: huzipitishia chakula kutoka kwenye mishipa ya damu, hufagia mabaki, hutuliza msisimko unapozidi. Ubongo unapoumia au kuugua, baadhi ya seli za nyota hubadilika tabia. Huanza kutoa molekuli za mafuta, siyo yale ya kikaangoni bali minyororo mirefu ya kaboni iliyojaa haidrojeni, ambayo mwili wenyewe huitengeneza na kuifunga ndani ya vifurushi vidogo vya protini. Seli ya neva iliyokwisha kujeruhiwa huvipokea vifurushi hivyo kama ilivyozoea kupokea chakula. Mafuta yakijilimbikiza ndani, kazi zake huvurugika, na hatimaye seli yenyewe huanzisha utaratibu wa kufa ambao ilizaliwa nao. Haipasuki. Hukata nyuzi zake moja baada ya nyingine, hujigawa vipande, hufungasha kilichobaki ili majirani wakizoe bila kuchafuka. Mengi ya haya yameonekana maabara, katika seli za wanyama. Ni kwa kiasi gani yanatokea kichwani mwa mtu mwenye maradhi kama ya Fundi, wenye elimu hiyo bado wanabishana. Na hata pale yanapotokea hakuna uovu ndani yake. Huenda ni usafi tu, njia ya mwili kuondoa kilichoharibika kisiharibu kizima.

"Kumbe haichanwi," Fundi alisema baada ya kufikiri. "Inafumuliwa."

"Inafumuliwa, ndiyo."

"Na anayetoa amri ni mlezi."

"Mlezi aliyeugua."

Akageuza shingo kwa shida kuelekea jikoni. "Mama wee! Umesikia? Mwandishi anasema mlezi ndiye muuaji!"

"Nimesikia," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Basi leo ujilishe mwenyewe, tuone nani atakuua."

Tulicheka wote watatu. Fundi alicheka kwa mabega, kwa kuwa uso ulikuwa haucheki tena. Mama alitoka na bakuli, akamfunga kitambaa shingoni, na kazi ikaanza kama kawaida: kijiko, koo, neno.

Wiki iliyofuata niliandika safu kuhusu seli za nyota. Niliiona kuwa miongoni mwa safu zangu bora. Niliandika kwamba katika nyumba ya ubongo kuna mlezi anayelisha, anayefagia, anayeaminiwa na wote, na kwamba siku nyumba inapougua mlezi huyo huyo humwaga mafuta ndani ya chakula, na anayelishwa hupokea na kufa polepole. Ili msomaji aone picha niliweka kiti karibu na dirisha. Niliweka bakuli na kijiko kidogo. Utani wa Fundi na jibu la mama niliuandika kwanza, kisha nikaukata, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na kwa sababu sikuona kwamba kicheko kina kazi yoyote katika maelezo ya sayansi. Jina sikuweka, bila shaka.

Haikupita wiki mbili, mwanawe Fundi alifika ghalani akiwa na suti ya kazi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Muzee, tulikuja kukushukuru. Ile uliandika tuliielewa."

"Mlielewa nini?"

"Habari ya ule mama. Tulimuondosha Jumatatu."

"Kijana wangu, niliandika habari za seli. Seli za ubongo."

"Ndiyo, muzee," akasema akitabasamu kwa heshima. "Seli. Tulielewa. Mtu mzima hawezi kusema waziwazi, anaweka mfano. Kiti iko pale pale, bakuli iko pale pale. Tukaangalia jikoni, tukaona samli. Kila siku anamutilia baba mafuta!"

"Samli haina kosa. Mafuta niliyoyaandika hayatoki jikoni. Yule mama hana kosa."

"Muzee, wewe uko na roho nzuri. Hutaki apate shida. Na sisi hatukumupeleka popote, tulimulipa, akaenda. Usiogope."

Msomaji asiyeishi hapa anaweza kudhani kijana huyu ni mjinga. Si mjinga. Ana shahada, anasimamia watu. Alisoma kama tunavyosomana sisi sote. Kwetu mtu mwenye adabu haji nyumbani kwako kusema kwamba fulani anakuibia. Anakaa, anakunywa chai, anasimulia kwamba zamani mahali fulani palikuwa na mtumishi, kisha anaaga. Wewe unabaki na kazi ya kuelewa. Na mimi nilikuwa nimekaa katika nyumba ile kila Jumapili, nikamtazama yule mama akilisha, halafu nikaandika gazetini habari ya mlezi anayetia mafuta kwenye chakula, bila jina. Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuonekana muungwana. Nilikuwa nimetundika suruali kwenye msumari, na ilikuwa imemkaa mtu.

Ningeweza kufunga ghala saa ile ile, nipande naye Kibagabaga, nikae sebuleni mbele ya mkewe na mbele ya Fundi, niseme jina la mama yule na niseme sikumkusudia, na nisiondoke mpaka waamini. Badala yake niliandika safu nyingine. Nilitumia wiki tatu kuiandaa, bila kupanda Kibagabaga hata mara moja, nikapima kila sentensi, nikaeleza upya tofauti kati ya mafuta ya mwilini na mafuta ya sahani, nikasisitiza kwamba seli za nyota ni walezi wema zinapokuwa na afya. Nilidhani usahihi unatosha. Kijana alinipigia simu siku ilipotoka. "Muzee, umerudilia," alisema. "Usijali, hatumurudishi."

Nilipopanda Jumapili iliyofuata, aliyekuwa akimlisha Fundi ni binamu mmoja wa mwanawe, kijana mwema, simu mkono mmoja na kijiko cha mezani mkono wa pili. Bakuli liliisha upesi. Hakuna aliyengoja koo, hakuna aliyeomba neno. Fundi alikohoa, akapanguswa kinywa. Tulipobaki wawili aliniuliza, "Mama yuko wapi?"

"Amepumzika," nikasema.

Walikuwa wamemsomea Fundi safu, zote mbili. Kumbe mwanawe alimsomea kwa fahari. Fundi alikusanya pumzi akasema maneno manne, kila moja peke yake, kama alivyokuwa akimtolea mama baada ya kijiko.

"Suruali. Imemkaa. Mama. Mwandishi."

Nilimwahidi kwamba nitazungumza na mwanawe. Nilizungumza naye langoni, nimesimama, kofia ya pikipiki mkononi na dereva ananingoja. Nilisema tena kwamba mama hana kosa. Akasema tena kwamba nina roho nzuri. Nikapanda pikipiki. Jumapili zilizofuata zikapungua, kila moja na sababu yake, na leo siwezi kutoa hata sababu moja inayosimama. Niliogopa kile kiti.

Sitasema kwamba nimemuua. Neno hilo linahitaji ushahidi ambao sina. Wenye ugonjwa ule hupoteza uwezo wa kumeza, na wengi huishia na chakula mapafuni hata wakilishwa na mikono iliyo bora. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa muda wote aliokuwa na mama yule sikumwona akikohoa mezani, na kwamba baada ya hapo sikuwahi kumwona akila bila kukohoa. Msomaji ajumlishe mwenyewe. Mimi nimeshajumlisha, na kila nikirudia napata jibu lile lile.

Nimefikiri sana juu ya walezi tangu tulipomzika. Mji wetu umejaa wanawake hawa. Tunawakabidhi watoto na wazee wetu, tunawapa funguo, kisha tunahesabu sukari. Aliye karibu na kitanda ndiye wa kwanza kushukiwa, kwa sababu hiyo tu kwamba yuko karibu. Sisi tulio mbali, wa Jumapili, tunabaki safi. Niliandika kuhusu mlezi anayegeuka kwa sababu ni habari inayoshtua. Seli zinazolea vizuri mwaka hadi mwaka, na hizo ndizo nyingi zaidi, katika safu ile sikuzipa hata aya moja. Na kwa kuwa nimeshika kalamu ya mifano, niseme na huu: tone dogo lililotoka mahali palipoaminiwa na kupokelewa kama chakula lilitoka kwangu. Nyumba ile ililimeza, ikajifumua yenyewe, nadhifu, bila ugomvi.

Jumamosi nilimtafuta yule mama nikamkuta nje ya chumba chake akichambua maharage. Habari za msiba alikuwa amezipata. Hakunikaribisha ndani, ila alinisogezea kigoda. Nilimweleza yote, kuanzia kicheko nilichokikata. Alisikiliza bila kuacha maharage.

"Nilitafuta kazi nyumba tatu pale Kibagabaga," alisema. "Ya kwanza walifurahi. Kesho yake wakaniambia, mama, tumesikia. Nikawauliza, mumesikia nini? Wakasema, basi tu."

"Nitaandika. Nitaandika kwamba huna kosa."

"Utaandika tena?" Akaacha maharage. "Baba, wewe gazeti lako halina mulango. Mimi nitagonga wapi? Kama uko na neno, enda nyumba ile ile, ulisemee pale walinifukuza. Na jina langu ulitaje pale. Gazetini usilitaje."

Nilisimama kuondoka. Akaniuliza, "Alikuwa anasema neno lake, baada ya kula?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyemwomba. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye maharage.

Jana nilipanda. Sikukaa pembeni kama mgeni wa Jumapili; nilikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi, na sebuleni walikuwa mwana, mkewe na yule binamu. Nilimtaja mama kwa jina lake, jina kamili. Nilisema: huyu sikumwandika, huyu hakumdhuru baba yenu, huyu ndiye aliyejua kumlisha, nami nilijua hivyo na sikuja kuwaambia kwa kinywa. Kijana alianza kutabasamu tabasamu lile la kunielewa. Nikamwambia, "Usinielewe. Nisikie tu." Nikaeleza kijiko, kidevu, koo, neno. Nikaeleza kwa nini neno. Mkewe ndiye aliyelia kwanza. Binamu aliitazama mikono yake, nami nikamwambia hilo ni langu, si lake, hakuna aliyemfundisha.

Walinihakikishia kwamba watapita nyumba zile tatu wenyewe, kwa miguu, kusema jina lake na kusema walikosea. Nitauliza kama walikwenda. Mimi nimebaki na somo ambalo nilipewa bure dukani Muhima miaka mingi iliyopita nikalicheka: jina kwanza, mkasi baadaye. Mfano usio na mwenyewe haukai hewani, utamshukia mtu, na mara nyingi utamshukia asiye na gazeti la kujibia. Na usahihi wa maandishi hauchukui nafasi ya kwenda kubisha hodi.

Nilipokuwa navaa viatu kijana alinisindikiza mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakunishukuru. Alisimama akihesabu jambo kwa vidole. "Tulikuwa tunamulipa elfu sitini kwa mwezi," alisema. "Alipoenda, nilimwambia muke wangu, angalau tutaokoa kitu. Miezi mine, muzee." Akaangalia kiti, kisha akanitajia jumla, polepole, kama mtu anayesoma namba asiyoijua: faranga laki mbili na arobaini elfu.